Phoenix: Barza iliyomuunguza mama nyayo

PHOENIX, ARIZONA – Mtu wa Baraka ao wa Uvira hahitaji kuelezwa barza ni nini. Ni hapo mgeni anapokalishwa, ni hapo sombe inachambuliwa, na kesi ya majirani mara nyingi huanzia hapo na kuishia hapo. Baba mmoja wa Fizi, aliyekimbia nyumbani mwaka 1996 akiwa na miaka tisa, hakuwahi kuwa na barza yake. Alikulia kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, katika nyumba ya matofali ya udongo, na chini palikuwa udongo uliopigwa tu. Basi aliponunua nyumba hapa Phoenix, hakuangalia jiko wala vyumba. Alitoka moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakuta sakafu ya simenti ya mita nne kwa sita inayotazama magharibi. Akamwambia mke wake: “Mama akifika, atakaa hapa.”

Mama alikuwa bado Nyarugusu akisubiri safari. Habari ikaja kwamba atafika mwezi wa saba, mwaka 2023.

Sakafu ile ilikuwa imechoka. Kulikuwa na madoa ya mafuta, nyufa ndogo, na kando ya bomba chumvi nyeupe imetoka kama unga, kwa kuwa maji ya Phoenix yana chokaa nyingi. Baba akaenda dukani kutafuta kitu cha kuikinga na kuifanya ing’ae. Muuzaji akampa makopo mawili ya epoksi, ile wanayopaka ndani ya gereji, yanayochanganywa pamoja. Rangi aliichagua mwenyewe: kahawia iliyokolea, rangi ya udongo wa nyumbani. Kwenye kopo kulikuwa na maandishi madogo yakisema dawa ipakwe kwenye joto la nyuzi 10 hadi 32. Yeye alisoma jina la rangi na bei.

Alipaka siku ya Jumamosi katikati ya mwezi wa sita, saa sita za mchana, kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa hana kazi.

Nusu ya sakafu haijaisha, ndoo ikaanza kupata moto mkononi. Dawa ikawa nzito kama uji uliosahauliwa jikoni, kisha ikatoa moshi. Alidhani ameuziwa dawa mbovu. Haikuwa mbovu. Epoksi inakauka kwa sababu sehemu zake mbili zinashikana, na katika kushikana zinatoa joto lao zenyewe. Ikibaki imelundikana ndani ya ndoo, joto hilo halina pa kwenda, na kila joto linapopanda kazi inakwenda haraka zaidi. Mafundi wanaimwaga sakafuni mara tu inapochanganywa, wanaitandaza, ndipo wanapata muda. Yeye alikuwa anachovya rulo polepole, kama mtu anayepaka ukuta wa chumba.

Na ile iliyofika sakafuni ikajaa mapovu. Simenti inaonekana kama jiwe lakini ina matundu madogo sana, na ndani yake mna hewa. Jua likiipasha, hewa hiyo inapanuka na kutafuta njia ya juu, inapasua rangi ambayo bado ni mbichi. Kila povu linaacha shimo, na kila shimo baadaye linakuwa mlango wa maji na vumbi. Angepaka jioni, sakafu ikiwa inapoa, hewa isingesukuma namna ile.

Hata hivyo iling’aa. Alipiga picha, akazituma Nyarugusu.

Mama alifika wakati mbaya. Kuanzia tarehe 30 mwezi wa sita hadi tarehe 30 mwezi wa saba mwaka ule, siku 31 mfululizo, joto la Phoenix lilifika nyuzi 43 ao zaidi kila siku. Hilo ni joto la hewa. Sakafu yenye rangi iliyokolea, ikipigwa na jua la magharibi, inaweza kupita nyuzi 60. Siku ya nne tangu afike, saa tisa za mchana, wote wakiwa kazini na watoto ndani, mama alitoka kuanua nguo. Alitoka peku, kama alivyotembea maisha yake yote. Alikuwa katikati ya barza alipohisi, na magoti yake hayamruhusu kukimbia.

Hospitalini hawakushangaa. Kila kiangazi wanapokea watu walioungua kwa kukanyaga ao kuangukia lami na simenti, na wazee ni wengi kati yao. Nyayo zote mbili zilikuwa zimetoa malengelenge. Wiki tatu mama alibebwa kwenda chooni na mtoto wake mwenyewe, jambo ambalo lilimtia aibu kuliko kidonda.

“Baba, usilie,” alimwambia. “Miguu hii ilinitoa Fizi mpaka ziwani.”

Alipona. Lakini hakukanyaga tena barza. Alikaa ndani, mlango umefungwa, akisikiliza mashine ya baridi ikivuma, na alipoulizwa alisema hapo panatosha. Ile rangi nayo ilianza kuwa na vumbi jeupe juu na kupoteza uso wake, maana epoksi ya kawaida haiwezi miale ya jua. Mwezi wa kumi ilikuwa inabanduka vipande vipande karibu na bomba. Baba alikuwa anaipita bila kuiangalia.

Aliyemsaidia ni fundi wa Lubumbashi anayefanya kazi za sakafu hapo mjini, walikutana kwenye matanga. Alikuja, akainama, akabandua kipande kwa ukucha. “Kaka, wewe hukupaka barza. Ulipaka kikaango.”

Walianza kwa kuondoa yote. Mashine ya kusaga yenye meno ya almasi, siku nzima, wote wawili wamefunga barakoa nzito, kwa sababu vumbi la simenti linaharibu mapafu bila kuonyesha haraka. Kisha fundi akamwaga maji hapa na pale. Pale simenti ilipokunywa na kuwa nyeusi, ni sawa. Pale maji yaliposimama kama shanga, bado kuna dawa ya zamani, saga tena. Usiku akabandika karatasi ya plastiki sakafuni, akaziba pande zote nne kwa gundi. Asubuhi chini yake palikuwa na unyevu upande wa bomba. Bomba lilikuwa linavuja miaka na hakuna aliyejua. Rangi yoyote ya kufunika ingesukumwa na unyevu ule kutoka chini. Wakatengeneza bomba kwanza, wakasubiri wiki mbili.

Kuhusu dawa, fundi hakuficha bei. Poliaspatiki inavumilia jua vizuri, lakini ni ghali na inakauka mbio. Si kazi ya mtu wa Jumamosi. Silani inazama ndani ya simenti na haiachi ngozi juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka, ila haifichi madoa na haipunguzi joto. Walichukua akriliki ya maji, rangi ya maziwa, yenye mchanga laini ndani yake ili mtu asiteleze, karibu na ile wanayopaka pembeni ya mabwawa ya kuogelea. Wakapaka mara mbili, nyembamba, mwezi wa kumi na moja, jua likiwa linashuka. Baada ya miaka michache itahitaji kupakwa tena, na fundi alilisema hilo kabla ya kupokea pesa, jambo ambalo si mafundi wote hulifanya.

Halafu akamwambia ukweli mwingine: mwezi wa saba, hata rangi ya maziwa itaunguza mtu peku. Nyeupe inapunguza, haiondoi. Kwa hiyo pesa iliyobaki ikanunua nguzo na turubai ya kivuli upande wa magharibi. Kwa kweli, pesa hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote.

Mama alitazama kazi yote kupitia kioo cha mlango na hakusema kitu. Ilipita Noeli, ikapita Pasaka. Jioni moja mwezi wa tano alifungua mlango mwenyewe, amevaa kandambili, ana kikombe cha maji mkononi. Akamwaga kidogo sakafuni, akakaa akiangalia kama yatakauka mbio. Yalikaa.

Mpaka leo anafanya hivyo kila jioni. Anamwaga, anasubiri, kisha anaita wajukuu wamletee kiti na sinia ya lengalenga.