Vitanda Viwili Havilaliwi

Kibaha, katika nyumba ambayo mimi na mama watoto tumeijenga kwa miaka sita tukituma fedha kidogo kidogo, kuna chumba cha watoto. Kina vitanda viwili vya mninga, kazi ya fundi wa Keko, vilivyokuwa vimefunikwa nailoni visishike vumbi. Mara moja kwa mwezi mama yangu alikuwa akienda kufungua madirisha nyumba ipate hewa, na akiwa huko alipiga simu ya video awaonyeshe wajukuu: hiki chako, hiki cha kaka yako. Wajukuu wenyewe wako Minnesota, na mpaka majira ya kiangazi yaliyopita walikuwa wakilala kwenye magodoro yaliyotandikwa juu ya zulia.

Sikuona vibaya. Kila dola niliyojizuia kuitumia huku niliihesabu kuwa tofali kule. Tulijiambia tupo njiani, na msafiri hanunui kitanda. Lakini baridi ya Januari hapa hupanda kutoka sakafuni hata hita ikiwaka usiku kucha, na mdogo, mwenye miaka mitano, alikohoa msimu mzima. Siku moja, bibi yake akiwa hewani anaonyesha mninga, akauliza, "Bibi, nani analala hapo?" Mama akasema hakuna, kinakungoja wewe. Mtoto akageuka kulitazama godoro lake. Jioni ile nikaanza kutafuta dabo deka.

Dabo deka kwa mtu wa rika langu ni bweni. Ni chuma kinacholia ukijigeuza, tranka lenye kufuli chini, na mwenzio wa juu anayeshuka usiku akikukanyaga mkono. Sikutamani wanangu waipate nyumbani. Hata hivyo chumba chao ni kidogo, na vitanda viwili vikikaa sambamba hapabaki pa kuchezea. Kipya kilizidi uwezo wetu wa mwezi ule, kwa kuwa Kibaha tulikuwa kwenye dari.

Cha kwanza nilikipata katika gereji ya mama mmoja mzee. Msonobari mzito, mifumbati minene, ngazi haitikisiki, dola 60. Wanawe walikilalia wote mpaka walipokwenda chuo. Kwa jicho la Keko kile kilikuwa kitanda. Nilikuwa nimeshatoa pochi nilipokumbuka kipimio cha futi mfukoni.

Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Juni 2000 haitaki mapengo ya kingo za kitanda cha juu yazidi inchi 3.5, yaani kama sentimita 9. Sababu yake inatisha ukiitafakari. Mtoto akiteleza usingizini kwa miguu, kiwiliwili chake chembamba hupita kwenye pengo, na kichwa hukwama. Ananing'inia, na asiweze kuita. Pengo nililolipima lilikuwa inchi 4 na ushee, na upande wa ukutani hapakuwa na ukingo kabisa, ilhali ukuta si kinga: kitanda husogea, pakaachwa nafasi. Sikuona pia kibandiko cha kutaja mtengenezaji, mwezi na mwaka. Yule mama aliniambia hakuna mwanawe aliyepata kuumia, nami namwamini. Nilimshukuru nikaondoka mikono mitupu, na njiani nilijiuliza fundi wetu wa Keko amewahi kupewa kipimo hicho na nani. Ustadi anao. Sisi wateja ndio hatujawahi kumwambia tunachokiogopa.

Nilipompigia mama, shikamoo haijaitikiwa vizuri akauliza, "Mwanangu, kitanda cha mtu usiyemjua? Aliyekilalia alikuwa na nini?" Ni swali la haki. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, amejibanza kwenye tundu la skrubu. Kwetu tungekitoa uani, tukakimwagia maji yanayochemka kwenye maungio, kisha jua limalize kazi. Mimi naishi ghorofa ya pili, na kibaraza changu ni cha hatua mbili. Nikamwahidi mambo mawili: godoro la mtumba haliingii, na kila tundu nitalimulika kwa tochi.

Cha pili kilikuwa cha dola 110, kina kibandiko, kina kingo pande zote mbili. Chaga moja ilikuwa na ufa. Nikaibadilisha kwa mbao ya dukani. Bolti zote zilikuwepo, na hilo ndilo lililonifanya nikichukue, kwa sababu kitanda kilichopotezewa bolti zake hufungwa kwa chochote kilichopatikana. Magodoro tulinunua mapya, membamba, kwani ukingo unatakiwa usimame angalau inchi 5 juu ya godoro, na godoro nene linaumeza.

Mkubwa, wa miaka minane, analala juu. Mdogo alilia, maana juu hapafai aliye chini ya miaka sita, naye hutimiza sita mwezi wa Machi. Sikumlegezea. Ameanza kuhesabu wiki.

Usiku wa kwanza nilikaa mlangoni nikiwasikiliza wakipumua, mmoja juu, mmoja chini, nikaona aibu ya miaka mitatu ya magodoro yale. Tuliwanyima watoto kitanda ili tuwawekee kitanda. Asubuhi nikampigia mama. Wanafunzi wawili, watoto wa dada yangu, wanalala sebuleni kwake na shule yao iko Kibaha hiyohiyo. Nikamwomba aondoe nailoni, awahamishie kule pamoja na mjomba wao.

Mama alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo hamrudi?"

"Tunarudi, mama. Lakini hawa wanalala leo."

Jumapili akanitumia picha. Nailoni imekunjwa juu ya dirisha, na chini ya kitakizo cha mninga kuna jozi mbili za viatu vyeusi vya shule, moja imekanyagwa visigino.