Konde la Karibu

Ndugu zangu waalimu wataniwia radhi nikiandika safari hii habari za ngumi, maana kurasa hizi zimezoea ngeli za majina na mizani ya mashairi. Lakini jambo lenyewe lilinikuta katika kazi yetu ya lugha, tena hapa hapa Kampala.

Mwaka 2023 mpwa wangu alinisihi nimpeleke kwa kundi la vijana wanaojifunza kung fu katika uwanja mmoja upande wa Nateete. Mchezo huo si mgeni mjini kwetu. Filamu za Bruce Lee, aliyefariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, zimetazamwa sana katika vibanda vya video, ambamo mfasiri hushika kipaza sauti akaeleza kwa Kiganda kila konde linalotupwa, aghalabu kwa chumvi kuliko filamu yenyewe. Kisha kule Wakaliga, Nabwana I.G.G. akatengeneza filamu yake, Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, ambamo Bruce U, bingwa wa kung fu, anatafuta kisasi cha ndugu yake. Basi watoto wa mitaa ile wote hurusha mateke hewani.

Pale uwanjani sikuona mateke ya kuruka. Sifu, ndivyo wanavyomwita mwalimu wao, hufundisha Wing Chun, mtindo wa kusini mwa China ambao Bruce Lee alifundishwa ujanani na Ip Man huko Hong Kong. Hadithi ya Wachina husema kwamba mtawa wa kike, Ng Mui, alimfunza msichana Yim Wing Chun ili ajiokoe na mwanamume aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Iwe kweli au isiwe, mtindo wenyewe wamfaa mtu mwenye umbo dogo, kwa kuwa hupiganwa karibu mno, umbali wa mkono uliokunjwa. Kiwiko hakitanuki; hukaa mbele ya mbavu, na konde hupita katika mstari wa katikati ya kifua, ngumi ikiwa wima, kidole gumba juu. Halivutwi nyuma kwanza kama mtu apasuaye kuni. Nguvu hutoka unyayoni, ikapanda gotini na nyongani, ikasukumwa na kiwiko, na kifundo cha mkono hukazwa mwishoni kabisa. Ndivyo lilivyofanya kazi lile konde la inchi moja ambalo Bruce Lee alilionyesha Long Beach, Marekani, mwaka 1964, hata mtu aliyesimama mbele yake akarudi nyuma akaangukia kiti. Konde likizuiwa, jingine lafuata papo hapo, kama pete za mnyororo. Au ngumi hufunguka, kiganja kikasukuma kidevu. Na adui akisogea zaidi, kiwiko chenyewe hupiga.

Mimi nilikaa kando na gazeti langu. Lakini baadhi ya vijana wale ni wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki, na Kiganda chao ni haba. Sifu alipopata habari kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, akaniomba nisimame nimfasirie. Nikaanza: ngumi, konde, kofi, kibao, konzi, kiwiko, ambacho wengine huita kisukusuku. Konde halikuwasumbua Waganda, maana wao wana ekikonde. Ndipo kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona Kiswahili kina maneno mengi ya kupiga?" Wakacheka wote. Nami nilicheka, ila kicheko hakikushuka moyoni.

Agosti 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini wengi wetu tulikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 1977, nikiwa na umri wa miaka saba, nilikuwa nimemshika baba mkono, barabara ya Jinja, askari alipomwuliza kitu. Baba hakuelewa, akatabasamu, kama afanyavyo mtu mpole asiyeelewa. Akapigwa kofi, kisha tukaambiwa, "Toka!" Hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililojua maana yake barabara. Nilipochagua somo hili chuoni, baba alikaa wiki mbili bila kunisemesha. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na wazazi wa rika langu wanaoguna mikutanoni siwashangai.

Katika Wing Chun kuna zoezi liitwalo chi sao, yaani mikono inayonata. Wawili hugusanisha vigasha vyao wasiachane. Kila mmoja huusikiliza mkono wa mwenziwe kwa ngozi. Ukisukumwa, unalegea, pakiwa na mwanya, unapiga. Sifu alisema mfasiri hawezi kueleza asichokijua, akanitia zoezini. Kila kiganja kilipokaribia shavu langu nilifumba macho, nikarusha kichwa nyuma.

"Mwalimu," akasema, "mkono wako umekimbia kabla wangu haujaja."

Akanipa mwenzi mwingine, msichana wa Kikongo wa miaka kama kumi na mitano. Naye akaniona nikifumba macho.

"Usiogope, papa," akaniambia. "Niko nagusa tu."

Niko nagusa! Darasani ningeipigia mstari wa wino mwekundu. Siku ile sikuisahihisha. Nikamwomba arudie, akarudia, polepole, kiganja chake kikisimama upana wa kidole kutoka shavuni pangu, na mara ya nne au ya tano macho yangu yalikuwa wazi.

Tunaendelea kila Jumamosi. Limebaki neno moja linalonishinda: ile sehemu nene ya kiganja, jirani na kifundo, ambayo ndiyo hasa hupiga kidevu. Mimi nasema kitako cha kiganja, na vijana hucheka. Wenzangu wa pwani, ninyi mwaiitaje?