Faili ndani ya faili ndani ya faili

Leo ni PHP tena, wasioipenda mnisamehe. Nataka tuongee kuhusu faili inayoita faili, ambayo nayo inaita faili nyingine, maana hapo ndipo nimeona tovuti nyingi za huku kwetu Kisumu zikifia.

Mfano ninao. Kikundi kimoja cha wachuuzi wa samaki kiliniomba nikifufulie tovuti; aliyeitengeneza alikuwa amehamia mbali. Kila asubuhi waliandika bei ya omena, mbuta na ngege, na wanunuzi wa Nakuru na Nairobi waliitazama kabla ya kupiga simu. Ukurasa wa mbele ulifunguka vizuri. Ule wa bei, mweupe pe! Na samaki, mnajua wenyewe, hamngoji fundi.

Ukurasa wa mbele uliita sehemu/juu.php. Ndani ya juu.php mlikuwa na include './mipangilio.php'. Wengi hudhani nukta ile ni folda ya juu.php yenyewe. Sivyo. Njia ikianza kwa nukta, PHP huipima kutoka folda ya kazi, na kwenye seva kwa kawaida hiyo ni folda ya ukurasa uliofunguliwa. Ukifungua bei/leo.php, mipangilio inatafutwa ndani ya bei/, na haimo. Ni kama kumwelekeza mgeni "pinda kulia, nyumba ya pili" bila kujua amesimama wapi. Akiwa Kondele atabisha kwa mtu. Akiwa Dunga huenda akaingia ziwani.

Tena include isipopata faili hulalamika tu na kuendelea, na seva ile ilikuwa imezimwa isionyeshe makosa. require husimama pale pale. Kwa mipangilio mimi hutumia require, sina mjadala.

Fundi wa kwanza alikuwa ametibu ugonjwa huu kwa kunakili mipangilio.php katika folda nyingine (ya bei akaisahau). Nilikuta nakala tatu, kila moja na neno lake la siri la hifadhidata! Dawa ni mstari mmoja:

require __DIR__ . '/../mipangilio.php';

__DIR__ ni folda ya faili ambamo imeandikwa, haidhuru nani kaiita. Ilikuja na PHP 5.3 mwaka 2009. Kabla ya hapo tuliandika dirname(__FILE__).

Bei zikarudi, lakini ukurasa wa mawasiliano ukawa unamaliza kumbukumbu ya seva. juu.php iliita menyu.php, na menyu.php, isipokuta kichwa cha ukurasa, iliita juu.php ikitafute. Ukurasa ule haukuwa na kichwa. Basi hao wawili wakaitana bila kikomo.

Mtaniambia, si uweke include_once? Ndiyo, mzunguko utakatika, kwa kuwa PHP hukumbuka faili iliyokwisha kufunguliwa. Lakini kichwa kilichokuwa kinatafutwa bado hakipo, na sasa hakuna kosa la kukuonyesha. Nilihamishia kichwa cha akiba kwenye mipangilio.php, faili isiyoita yeyote, nikaifuta ile include ndani ya menyu.php.

Faili kujiita yenyewe si haramu, mradi pawe na mahali pa kusimama. Hata hivyo, kwa menyu yenye matawi ningeandika fanksheni. Kama unarithi tovuti ya mtu, anza na grep -rnE "include|require" kwenye folda yote, kisha chora kwenye karatasi nani anamwita nani. Ile ya wachuuzi ilinichukua kurasa mbili za daftari.