Bamvua la Zanskar

Pune mwezi wa Agosti ni mvua tupu. Viatu ulivyoviacha chini ya kitanda huota ukungu, nguo hazikauki hata zikilala chini ya feni usiku kucha, na ukuta wa hosteli ukiugusa unalowa kiganja. Wahindi tuliosoma nao walizoea kututania kwamba watu wa pwani ya Afrika hatuiwezi mvua yao, nasi tukiwajibu kwamba mvua ni yetu, wao wanapokea tu. Haukuwa utani mtupu. Kusi inayovitia adabu vyombo vidogo kwetu katikati ya mwaka ndiyo hiyo hiyo inayovuka ikweta, ikapita ubavuni mwa Somalia, ikageukia mashariki juu ya Bahari ya Arabuni na kuifikia India imeshiba maji.

Mwaka 2012 nilikuwa nimemaliza mtihani wa mwisho, nasubiri matokeo. Mwenzangu wa chumba, Mpemba aliyekuwa akisomea ufamasia, akaniletea habari kwamba kuna kundi la wanafunzi linakwenda Ladakh, kaskazini kabisa, kushuka mto wa Zanskar kwa boti za mpira. Mimi ni mtu wa Tanga, na mto niliokuwa nikiujua ni Pangani, tena kwa kuuvukia kwenye kivuko. Nikamwambia nitafikiri. Akanijibu kwamba ameshalipa, na amelipia wawili.

Kutoka mji wa Kargil hadi Padum, makao makuu ya bonde la Zanskar, ni kama kilomita 240, na basi la enzi zile lilikuwa na haki ya kulala njiani. Lilijaa magunia ya vitunguu, akina mama waliovaa majoho mazito ya sufu, na watawa vijana waliokuwa wakisikiliza nyimbo za filamu kwenye simu. Baada ya Rangdum tukapanda Pensi La, mita 4,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa upande wa pili tukaiona Drang-Drung, barafu iliyoteremka kutoka milimani ikajipinda bondeni, ndefu hata macho hayaoni inakoanzia. Kichwa kilikuwa kinanigonga. Mpemba alitapika dirishani kwa adabu zote, akajifuta, akasema, "Hii yote ni maji, bwana. Ikiyeyuka hii, sisi ndio tutakaokuwa chini yake."

Hapo alikuwa ameshausoma mto kabla hajauona.

Zanskar haina mvua za maana. Mawingu ya kusi hupanda Himalaya kwa upande wa kusini, hunyesha huko, na yakivuka vilele huwa yamebaki makapi. Ndiyo maana bonde zima ni mawe na vumbi, na kijani huonekana pale tu mtu alipochimba mfereji akamwagilia shayiri yake. Na ndiyo maana kiongozi wetu alikuwa Mnepali. Mvua zile zile zinazoikosa Zanskar hufurisha mito ya Nepal kiasi kwamba mwezi wa saba na wa nane kazi ya boti kwao husimama, na vijana wake hupanda mabasi kwenda kutafuta riziki Ladakh. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, vidole vimepasuka kwa maji baridi. Sote tulimwita dai, yaani kaka, kama wanavyoitana kwao, naye alituita bhai, wadogo zake. Mpemba alimzidi umri, nadhani, lakini hakudai chochote. Nahodha ni nahodha.

Tuliingia majini chini kidogo ya Padum, baada ya mito miwili, Stod na Lungnak, kukutana na kuwa Zanskar yenyewe. Bonde pale ni pana na mto unakwenda taratibu. Maji ni ya kijivu, mazito kwa vumbi la mawe lililosagwa na barafu huko juu. Ukikaa sakafuni mwa boti ukanyamaza, unausikia ule mchanga ukipita chini ya mpira, chwaaa isiyokatika, kama mafuta ya maandazi yakianza kupata moto kwenye karai. Niliisikia safari nzima, hata usingizini. Vyakula, mahema na masufuria vilikwenda kwenye boti nyingine iliyokuwa na makasia mawili marefu; sisi abiria tulipewa kafi, kofia ngumu, jaketi la kuelea na suti ya mpira iliyokuwa na harufu ya watu wengi waliotutangulia.

Mpemba aliitazama boti ile kwa dharau ya waziwazi. Alizaliwa katika nyumba ya wavuvi, na chombo kisicho na omo wala tezi hakikumwingia akilini. Hata hivyo alichagua kukaa nyuma, karibu na dai, akawa anaangalia mikono yake.

Tulipita Zangla mchana. Juu ya mwamba kuna jumba la zamani la watawala wa mahali pale, na ndani yake, kati ya mwaka 1823 na 1824, Mhungari aitwaye Sándor Csoma de Kőrös alijifungia na mwalimu wake lama akijifunza Kitibeti. Kamusi aliyoitoa Calcutta mwaka 1834 ilitokana na kazi aliyoianza kwenye baridi ile. Mimi nilikaa Pune miaka yote ile na Kimarathi changu kiliishia kwenye nauli ya bajaji.

Jioni ya kwanza, wakati sisi tunahangaika na kamba za mahema, Mpemba alikwenda kwenye ukingo wa maji akachomeka kijiti. Kufikia wakati wa kula, dali na wali, kijiti kilikuwa kimezama nusu. Akachomeka kingine juu zaidi. Usiku alinigusa bega nitoke nje ya hema: kijiti cha pili nacho hakipo, na boti ambazo dai alizivutisha mbali hata tukamnung'unikia zilikuwa zimebakiza hatua chache kuelea. Alfajiri nikakuta mchanga uliolowa, vijiti vyote viwili vimesimama wazi, na maji yako kule chini.

"Yanajaa na kupwa," alisema Mpemba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Tukamuuliza dai. Akatueleza kwa Kiingereza chake cha kazi, huku akikoroga chai: jua la mchana linayeyusha theluji na barafu huko juu, na maji hayo yanahitaji saa nyingi kuteremka hadi hapa. Kwa hiyo mchana wa milimani hufika korongoni usiku, na usiku wa milimani, uliogandisha kila kitu, hufika asubuhi kwa sura ya maji machache. Yeye alijua hata tofauti ya kambi moja na nyingine, kwa kuwa kadiri unavyoshuka ndivyo mjao unavyochelewa kukufikia. Mpemba alisikiliza kwa makini, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo naona ni la kitaalamu kuliko yote niliyoyasikia kule: "Huku mwezi hauna kazi." Kwetu bahari huchelewa kila siku karibu saa nzima, kwa kuufuata mwezi, ndiyo maana mvuvi hawezi kwenda kwa saa ya ukutani. Zanskar ilikuwa inajaa kwa wakati ule ule, siku baada ya siku, maadamu jua limewaka. Siku ya jua kali Mpemba alikuwa akisema usiku huu tutapata bamvua, naye hakukosea mara nyingi.

Kisha likaanza korongo.

Sijui kuyaeleza mawe yale bila kuonekana natia chumvi. Kuta zilipanda moja kwa moja kutoka majini, tabaka za zambarau, kijani na rangi ya kutu zimekunjwa, zimesimamishwa wima, mahali pengine zimepinduliwa kabisa. Wataalamu wa miamba wanasema sehemu kubwa ya milima hii ilikuwa matope na chokaa ya sakafu ya bahari ya kale, Tethys, iliyobanwa India ilipolisukuma bara la Asia. Wenzetu walipiga picha. Mpemba alikuwa akipapasa ukuta kila tulipousogelea.

Katika sehemu nyembamba kuliko zote mto mzima hubanwa baina ya kuta mbili zilizoachana mita chache tu. Hapo penyewe maji yametulia, kwa sababu yana kina. Tatizo ni yanapotoka. Boti yetu iliingia kwenye wimbi kiubavu, dai akapiga kelele tukae upande wa juu, na mimi nikajikuta sipo kwenye boti. Nilichohisi kwanza ni kwamba pumzi haiingii: baridi imefunga kifua, mdomo uko wazi na hakuna kinachopita. Sauti zote zilikatika isipokuwa ile chwaaa ya mchanga, sasa iko ndani ya masikio. Nilipoibuka dai alikuwa ameshanishika mikanda ya mabegani ya jaketi. Hakunivuta. Kwanza alinizamisha. Nilidhani ananimaliza, kumbe ndivyo inavyofanywa: unamdidimiza mtu ili jaketi limrushe juu, na kwenye mruko huo unajitupa chali naye anaanguka ndani ya boti juu yako. Nililala kifuani kwa Mnepali wa watu nikitetemeka meno.

Mpemba aliinama. "Pole, ndugu yangu," alisema. "Yana chumvi?"

Tulipiga kambi karibu na daraja la Nerak. Kijiji chenyewe kiko juu sana, hakionekani kutoka mtoni. Mzee mmoja aliteremka na debe dogo la siagi ya maziwa ya dzomo, chotara wa yak na ng'ombe, akakaa na dai kwenye moto. Alituonyesha pango lililokuwa nyuma ya mahema yetu, dari yake nyeusi kwa masizi. Wakati wa baridi, Januari na Februari, mto huganda, na mapito ya Pensi La yanakuwa yamezibwa na theluji tangu Novemba. Njia pekee ya kwenda mjini Leh ilikuwa kutembea juu ya mto wenyewe na kulala katika mapango kama lile. Chadar, ndivyo wanavyoiita. Watoto walipelekwa shule kwa njia hiyo, siagi ilipelekwa sokoni kwa njia hiyo. Mzee alisema mwanawe wa kike alipata uchungu wa uzazi mwezi wa pili, wakambeba hadi barafu ilipokatika, wakasubiri. Dai alitafsiri mpaka hapo, kisha akatia kuni motoni, nasi hatukuuliza zaidi.

Siku iliyofuata kulikuwa na mawingu. Mto ulipungua, miamba ambayo jana ilikuwa imefunikwa ikatoa meno, na boti ilikwama mara kwa mara. Maji mafu, alisema Mpemba. Lakini dai alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Miaka miwili kabla, usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Agosti 2010, wingu lilipasuka juu ya Leh. Milima isiyo na mti wala nyasi haikuzuia tone, tope likateremka mjini na zaidi ya watu 200 wakafa. Kwa hiyo alikataa kila ufukwe mzuri uliokuwa mdomoni mwa kijibonde, tukalala kwenye mwinuko wa mawe, migongo ikalalamika hadi asubuhi. Haikunyesha.

Karibu na Chilling tulianza kusikia baruti. Barabara ilikuwa inachongwa kwenye ukuta wa korongo, na wafanyakazi, wengi wao kutoka Bihar na Jharkhand, mbali sana na kwao, walitupungia mikono wakiwa wamefunika pua kwa vitambaa. Baadhi ya wenzetu walisonya. Korongo linaharibiwa, walisema. Mmoja alikuwa bado ana kipande cha mkate wenye siagi ya yule mzee mkononi.

Safari iliishia Nimmu, Zanskar inapoingia Indus. Mito miwili hukwenda bega kwa bega kwa kitambo, mmoja wa kijivu, mwingine wa kijani, kabla ya kuchanganyika. Mpemba aliuliza maji yale yanakwenda wapi. Pakistani, alisema dai, halafu baharini. Upande gani wa bahari? Nikamwambia chini ya Karachi, si mbali na Kutch, yalikotoka majahazi yaliyokuwa yakija Unguja na Mombasa kwa kaskazi. Akanawa uso, akasema basi yatangulie, sisi tuna basi la kukamata.

Machi 2024 Idara ya Barabara za Mipakani ya India ilitangaza kwamba njia ya Nimmu, Padum hadi Darcha, kilomita 298, imeungana. Wapenzi wa mto waliandika maombolezo. Mimi nayaelewa, na ningependa kuwa miongoni mwao, lakini kila nikijaribu namwona yule mzee na dari ya pango. Aliyepita pale kwa starehe, amevaa jaketi la kuelea, na tiketi ya treni ya kurudia mfukoni, hana la kumwambia mtu aliyekuwa akingoja barafu igande ndipo ampeleke mgonjwa hospitali.

Mwenzangu sasa ana duka la dawa Wete. Nilimtumia video ya gari likipita korongoni, karibu na pale nilipoangukia. Alikaa siku nzima bila kujibu, na jioni akapiga simu. Alitaka kujua kama boti bado zinashuka. Nikamwambia zinashuka, chini ya barabara. Akauliza kama bei imeteremka, maana sasa hakuna tena kuzunguka Kargil, akaongeza kwamba safari hii zamu ya kulipia wawili ni yangu.