Lita Tatu za Machakos

Petroli iliyozeeka hainuki kama petroli. Inanuka kama rangi ya mlango iliyosahaulika kwenye mkebe, na ina uchachu fulani unaokwama kooni. Kwa hivyo ukinunua nduthi ya mkono wa pili iliyokaa sana, usikimbilie kupiga kiki. Fungua kifuniko cha tanki kwanza, unuse.

Yangu ni Boxer ya mjomba. Alikuwa bodaboda huku Kayole miaka mingi, akaugua ghafla, akatuacha, na pikipiki ikakaa chini ya turubai nyuma ya nyumba karibu miaka miwili. Anti, mke wake, aliniuzia kwa shilingi 35,000, nilipe polepole. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, na tangu hapo nakula kwa kuandikia watu makala. Hao watu hulipa wakikumbuka. Hii nduthi basi haikuwa ya kuringia mtaani. Ilikuwa ya kubeba mizigo, na pesa ya kwanza ingeenda kwa Anti, kabla binti yake hajarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Fundi wa stejini alimulika tanki kwa tochi, akasema, "Boss, nunua ingine." Sina neno na mafundi, lakini kuna wale ambao dawa yao ya kila kitu ni kununua ingine.

Kilichotokea mle ndani si uchawi. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo huamsha injini asubuhi ya baridi, hugeuka mvuke na kutoroka. Vinavyobaki hukutana na hewa, vikabadilika polepole kuwa kitu kinachonata kama ulimbo, na mafuta yote yakawa na rangi ya chai ya mkandaa. Halafu kuna maji. Tanki likiwa na nafasi, joto la mchana na baridi ya usiku huleta umande ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, yanashuka hadi chini kabisa, na kutu inaanzia hapo. Ukiwasha hivyo hivyo, uchafu unateremka hadi kwenye kabureta, na ile jeti ndogo ina tundu ambalo hata sindano ya kushonea haipiti.

Nilifanyia kazi nje, mbali na jiko la Anti, maana mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini chini mpaka ukutane na moto. Nikafunga koki, nikachomoa paipu, nikang'oa tanki, nikamimina mtunginikupitia kitambaa. Anti alikuwa kwenye kigoda chake huko mlangoni akichagua maharagwe.

"Yametoka ngapi?"

"Lita tatu na kitu, Anti."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Hayo ni ya Machakos."

Watu wa bodaboda huweka mafuta ya mia mbili, jioni wakaongeza ya mia. Hakuna anayelaza lita tatu bure. Mjomba alikuwa amejaza ya kwenda kumwona mama yake Jumapili. Kwenda na kurudi ni kilomita 120 na zaidi, na Boxer ingefika na kubakisha. Jumapili hiyo alikuwa kitandani hospitalini.

"Utayamwaga?"

"Siwezi kuyamwaga mtaroni, Anti. Fundi ataoshea cheni."

"Sawa. Wapelekee stejini. Walimjua."

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Kwanza maji moto na sabuni, mara nne, mpaka harufu ilegee. Nikatoa koki, tundu lake nikaliziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kisha nikatia nati 40 na maji kidogo, nikatikisa tanki kama kayamba hadi mabega yakakataa. Nati zihesabu, bana: 40 zikiingia, 40 zitoke. Baada ya hapo, siki lita mbili, usiku kucha, nikiamka kuligeuza upande. Asubuhi ilitoka ikiwa nyeusi. Nikasuuza kwa maji yenye magadi kuua ile asidi, kisha maji matupu, nikalianika juani juu ya bati. Likikauka tu, lisuuze kwa petroli mpya kidogo, kwa sababu chuma kilichosafishwa hushika kutu upesi kuliko unavyodhani. Kabureta nayo niliifungua, jeti nikazipuliza.

Nikaweka mafuta ya mia mbili.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya tano, ikakohoa. Ya tisa ikashika, moshi mweupe, sauti ile ile iliyokuwa ikitufikia saa kumi na moja alfajiri tukiwa bado kitandani. Anti akatoka, mikono ina unga, akasimama hapo mlangoni kwa muda mrefu.

"Sasa zima," akasema. "Unamaliza mafuta."