Watoto wa mbwa wenye upele: usiwagawe kabla hawajapona

Leo tuwaache kidogo kuku na ng'ombe tuzungumzie mbwa. Kila msimu naulizwa swali hili: "Bwana mifugo, mbwa wangu amezaa, watoto wana upele, na watu wanawataka. Nifanyeje?" Kabla sijajibu, naomba nikusimulie kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha jibu.

Ilikuwa hapa Kongwa, mwezi wa sita, wakati wa ule upepo wa baridi. Mama mmoja anayenunua na kuuza mtama alikuwa na mbwa jike anayelinda stoo yake. Jike akazaa watoto saba nyuma ya stoo, juu ya viroba vikuukuu. Walipofika wiki tano ngozi zao zilikuwa zimeharibika: manyoya yamenyonyoka kwenye kingo za masikio, viwiko vina magamba, tumbo jekundu lenye vipele, na usiku kucha wanajikuna na kulia. Mama akanipigia simu. Wateja wameanza kusema, akaniambia, anataka watoke mapema. Mmoja alikuwa ameshachukuliwa na mfugaji wa mbuzi siku mbili kabla.

Nilifika jioni kwa pikipiki nikitoka kuchoma ng'ombe sindano. Mkobani nilikuwa na chupa ya ivamektini na mabomba makubwa ya sindano. Nilikuwa nimechoka na giza linaingia. Nikamshika yule mdogo kuliko wote, nikamkadiria kwa macho, nikavuta dawa "kidogo tu", kama nusu mililita, nikamchoma. Wenzake nikasema nitawamalizia kesho. Huyo mdogo, binti wa yule mama alikuwa amempa jina, Tosha.

Saa nne usiku simu ikalia. Tosha anadondosha mate, anatetemeka, anayumba kama mlevi, na mboni za macho zimetanuka. Nikampigia daktari wa mifugo. Akaniuliza mambo mawili: ana wiki ngapi, na ana kilo ngapi? La kwanza nilijibu. La pili sikuwa na jibu. Akaniambia dawa hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini, nikamtunze kwa joto na kumpa maji taratibu akiweza kumeza. Nilikaa naye usiku ule kwenye kibaraza cha stoo. Alfajiri akafa.

Asubuhi yule mama akasema, "Pole bwana mifugo, umejitahidi. Upele ulikuwa umeshammaliza." Ndugu msomaji, alikuwa amenipa mlango wa kutokea. Ningeitikia tu, na hakuna mtu kijijini ambaye angejua. Nikamwomba mizani yake ya mtama. Tukamweka Tosha juu yake. Kilo moja na nusu.

Chupa ile ina maandishi wazi: mililita 1 kwa kilo 50 za mnyama. Piga hesabu. Mtoto wa kilo moja na nusu, kwa kipimo hicho, ni sehemu 3 katika 100 za mililita moja, tone tu. Mimi nilimpa zaidi ya mara 15 ya hapo. Tena alikuwa na wiki tano, na dawa hiyo haipewi mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki sita. Nikamwambia mama, "Hakuuawa na upele. Nimemuua mimi kwa kutompima." Binti alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. Hakusema kitu. Yule mama alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na hawa watano waliobaki, utawapima?"

Tuliwapima wote, na nitakueleza tulivyofanya.

KWANZA, UJUE NI UPELE GANI

Upele wa mbwa huletwa na utitiri, wadudu wadogo usioweza kuwaona kwa macho. Wako wa aina mbili, na kuwachanganya kunagharimu.

Aina ya kwanza huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mbwa anajikuna kupita kiasi, na upele huanzia masikioni, viwikoni na tumboni. Huu unaambukiza haraka kutoka mbwa hadi mbwa. Hata mtu anayewabeba watoto hao hupata vipele vya kuwasha mikononi na tumboni. Kwa kawaida vipele hivyo huisha mbwa wakishatibiwa, kwa kuwa utitiri wa mbwa hauzaliani kwenye ngozi ya mtu. Visipoisha, nenda zahanati. Binti yule alikuwa navyo mikono yote miwili.

Aina ya pili huishi kwenye mashimo ya vinyweleo. Mtoto huupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya. Manyoya hunyonyoka kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, lakini hajikuni sana, wala hauambukizi watu. Mabaka machache mara nyingi hupona yenyewe mtoto akila vizuri na akipewa dawa ya minyoo. Ukienea mwili mzima ni tiba ndefu, na jike huyo asizalishwe tena.

Afisa mifugo anaweza kukwangua ngozi kidogo ikaangaliwa kwa darubini. Kama dalili hazieleweki, omba afanyiwe hivyo.

PILI, USITUMIE VITU HIVI

Naviona vijijini kila mwaka: oili chafu ya gari, mafuta ya taa, dawa ya kupulizia pamba au mahindi. Ngozi yenye vidonda hunyonya sumu, na mbwa hujilamba. Dawa za kuogesha ng'ombe zenye amitrazi nazo hazifai kwa mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne. Na ile chupa ya ivamektini ya ng'ombe usiichezee. Nimekutajia hesabu yake ili uone jinsi kipimo kilivyo kidogo. Sikukutajia ili ukachome mwenyewe. Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo na nilikosea.

TATU, TIBU FAMILIA NZIMA

Mtoto akitibiwa halafu akarudi kulala na mama mwenye utitiri, umefanya kazi bure. Kwa yule mama tulifanya hivi. Viroba vyote vya kulalia vilichomwa moto, stoo ikafagiliwa, na mbwa wakapewa nyasi kavu zilizobadilishwa kila siku chache, kwa kuwa utitiri unaweza kuishi nje ya mbwa siku kadhaa, hata zaidi kukiwa na ubaridi na unyevu. Watoto, kwa kuwa walikuwa na wiki tano, tuliwapaka marhamu ya salfa, tukiwashika wasilambe mpaka ikauke. Wakapewa dawa ya minyoo ya watoto wa mbwa na uji wenye dagaa. Jike na mbwa mwingine wa jirani walitibiwa siku ileile, ingawa yule wa jirani hakuwa na dalili.

Watoto walipofika wiki nane tuliwapima mmoja mmoja ndani ya ndoo juu ya mizani. Nikatumia bomba la sindano la mililita 1 lenye mistari midogo. Bei yake haifiki soda. Nikawarudia baada ya siku 14, kwa sababu mayai yaliyokuwa ndani ya ngozi yanakuwa yameanguliwa na dawa ya kwanza haikuyagusa. Kila mara tuliwapima upya, maana mtoto wa mbwa huongezeka uzito haraka.

NNE, SIKU YA KUMTOA

Watu walikuja kuwaulizia kila gulio. Mama akawajibu, "Bado." Na hapa ndipo hesabu inapendeza: sindano ya kwanza wiki ya nane, ya pili wiki ya kumi, uangalizi mpaka wiki ya kumi na mbili. Wiki ya kumi na mbili ni miezi mitatu, umri wa kumchanja kichaa cha mbwa. Kwa hiyo subira ya kuponya upele haikupotezi muda. Mtoto anaondoka na ngozi safi, manyoya yanaota, na kadi ya chanjo mkononi mwa mwenyeji wake mpya.

Mwenyeji mpya mweleze yote: alikuwa na upele, ametibiwa tarehe fulani, akianza kujikuna aje haraka. Usimfiche ukidhani atakataa. Anayekataa kwa sababu umemwambia ukweli, huyo hakuwa tayari kufuga.

Na yule mtoto aliyetolewa mapema? Nilikwenda mpaka bomani kwa mfugaji. Mbwa wake wawili wakubwa walikuwa wamenyonyoka masikio, na mmoja alikuwa amepakwa oili chafu mgongo mzima. Wale ndio wanaomlindia mbuzi dhidi ya fisi. Mfugaji akaniambia, "Nilipewa mbwa mmoja, nikaletewa ugonjwa wa wote." Sikuwa na la kubisha. Tukamwosha kwa sabuni yule wa oili, tukawatibu wote watatu, na ilichukua muda wake. Mtoto mmoja aliyewahishwa alitugharimu kuliko watano waliosubiri.

Wale watano walipata kwao: mmoja kwa mwalimu, mmoja kwa mlinzi wa mashine ya kusaga, wawili kwa wakulima wanaosumbuliwa na nguruwe pori. Wa tano hakutoka. Siku nilipokuja na chanjo, binti alikuwa amemfunga kamba nyekundu shingoni. Akanisalimia, "Shikamoo," kisha akaniletea mizani kabla sijaiomba.

Mpaka leo sindano ndogo na mizani ya kuning'iniza havitoki kwenye mkoba wangu. Nawe ukimwita afisa mifugo kwa mtoto wa mbwa, muulize: "Umempima?" Asikasirike. Una haki ya kuuliza.