Kabati la Marehemu Baba

Katika nyumba ya wazee wetu, Mji wa Kale wa Mombasa, mna chumba cha kulala ambacho karibu nusu yake ilikuwa kabati. Marehemu baba alilijengea ukutani kwa mbao za mvule, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, na kwa miaka mingi halikumkera mtu. Kero ilianza Mama alipovunjika nyonga. Kile chuma cha miguu minne anachoshikilia kutembea hakikuweza kugeuka baina ya kitanda na kabati. Akiamka usiku kwenda kutawadha, ilimlazimu apite ubavuubavu huku akipapasa ukuta.

Tukaamua liondoke. Lakini mirathi ilikuwa haijagawanywa, na kitu kilichojengewa ukutani si kama kiti cha kubebwa. Ni sehemu ya nyumba, na nyumba ina wenyewe: Mama na thumni yake, na sisi watoto watano na mafungu yetu. Tulimpigia simu ndugu yetu aliye Maskati. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kitanda hakiwezi kubadilishwa kiwe kidogo. Kimeshabadilishwa, tukamwambia. Akaridhia.

Fundi wa kwanza alikuja na mtaimbo, tulimshukuru, tukamrudisha. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kabati likikwatuliwa kwa nguvu huondoka na ukuta. Wa pili, mtu mzima, alizima umeme kwanza, akafungua milango kwenye bawaba, akatoa rafu, ndipo akaikata fremu vipande vipande kwa msumeno. Vigingi vilivyozama ukutani alivitoa mwisho, taratibu, kwa tindo. Nyuma palikuwa na unyevu na njia za mchwa.

Jirani alitushauri tuzibe mashimo kwa saruji, ati hukauka upesi. Hukauka, ndiyo, lakini huufungia unyevu ndani ya jiwe, chumvi ikatafuta pa kutokea, na lipu ikabambuka. Tulitumia chokaa na mchanga, ikatuchukua wiki kadhaa. Mama alilala ukumbini, akiwalaumu wenye pikipiki kila usiku.

Mbao zilizosalimika zimekuwa kasha la nguo, ambalo Mama hulifikia akiwa ameketi. Mlango mmoja tu haukukatwa. Upande wake wa ndani, kwa hati za Kiarabu, baba alikuwa ameandika siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wetu, na chini kabisa siku aliyofariki mdogo wetu wa mwisho, ambaye hakutimiza mwaka. Maandishi hayo ya chini hatukuwa tumeyaona. Yalifichwa na kanzu zake. Mama alikuwa akiyajua.

Mlango huo sasa uko kwa dada yetu mkubwa, Kisauni. Ndugu yetu wa Maskati ameuomba. Mama amesema hauvuki bahari yeye akiwa hai, nasi hatujampelekea jibu.